Seli Iking'aa, Uliza Kilichoiwasha

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana hadubini ya floresensi, ana seli zinazoota vizuri kwenye inkubeta, na ameagiza kichupa cha probu ili ajue kama seli zake zinatengeneza haidrojeni salfaidi au molekuli nyingine ya jamii hiyo ya salfa. Maelekezo yanayokuja na kichupa ni mafupi: weka maikromola 10, subiri nusu saa, osha, piga picha. Ukiyafuata utapata picha nzuri ya kijani. Shaka yangu ni juu ya kile utakachokiandika chini ya picha hiyo. Probu haioni molekuli; inamenyuka nayo, na kinachong'aa ni zao la mmenyuko. Mtu anayesema "hapa pana H2S" anadai kwamba hakuna kitu kingine ndani ya seli kilichoweza kuleta mmenyuko uleule, na dai hilo halithibitishwi na mng'ao hata uwe mkali namna gani. Linathibitishwa na majaribio yanayouzunguka. Ndiyo maana nitazungumza zaidi juu ya hayo majaribio kuliko juu ya probu zenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya tunachokitafuta. Haidrojeni salfaidi, gesi ile inayonuka mayai viza, kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa sumu tu. Mwaka 1996 Abe na Kimura, watafiti wa Japani, walichapisha ushahidi kwamba ubongo wenyewe unaitengeneza na kwamba inabadilisha mawasiliano ya neva. Mwaka 2008 ikaripotiwa kwamba panya walioondolewa jeni ya kimeng'enya kiitwacho CSE hupata shinikizo la juu la damu. CSE, CBS na 3-MST ndivyo vimeng'enya vitatu vinavyotajwa kila mara kama vyanzo vya gesi hii mwilini. Hamu ya kuiona ndani ya seli iliyo hai ikakua, na mwaka 2011 maabara kadhaa zilitoa probu zao karibu kwa wakati mmoja. SF1 na SF2 za maabara ya Christopher Chang kule Berkeley hutumia kundi la azaidi: salfaidi inaivunja azaidi, naitrojeni inatoka, inabaki amini, na rangi iliyokuwa imezimwa inawaka. WSP-1 ya maabara ya Ming Xian hutumia tabia ya salfaidi kuweza kushambulia mara mbili: shambulio la kwanza linaishikisha kwenye probu, la pili linaifungua rangi. HSip-1 ya Japani hutumia shaba: shaba imeizima rangi, salfaidi inaipokonya shaba, na rangi inarudi. Ni njia tatu tofauti kabisa, na kila moja ina namna yake ya kumpotosha mtumiaji.

Sasa chukua kalamu, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ndani ya seli ya mnyama kuna glutathayoni kati ya milimola 1 na 10, na juu yake kuna sisteini na thayoli za protini. Tuseme glutathayoni ni milimola 5. Tuseme H2S huru ni nanomola 100. Hiyo ina maana kwamba kwa kila molekuli moja ya H2S kuna molekuli 50,000 za glutathayoni. Sasa chukua probu ya kufikirika inayomenyuka na H2S kwa kasi mara 1,000 kuliko inavyomenyuka na glutathayoni, sifa ambayo yeyote angejivunia. Kasi halisi ni zao la wepesi wa mmenyuko na ukolezi, kwa hiyo H2S inapata 1,000 na glutathayoni inapata 50,000. Kati ya kila molekuli 51 za probu zilizowaka, moja imewashwa na H2S na 50 zimewashwa na glutathayoni. Ipeleke sasa probu hiyohiyo kwenye bomba la majaribio kama inavyofanywa katika makala nyingi: maikromola 100 za salfaidi kwenye bomba moja, milimola 5 za glutathayoni kwenye jingine. Uwiano wa ukolezi sasa ni 50 tu. Salfaidi inapata 1,000, glutathayoni inapata 50, na mchoro unaonyesha probu inayoichagua salfaidi mara 20. Hakuna aliyedanganya katika mchoro ule. Bomba tu halikuwa seli.

Mtu atasema: lakini probu yangu ilijaribiwa dhidi ya vitu ishirini, na nguzo zote isipokuwa ile ya salfaidi zilikuwa fupi. Ni kweli, na mchoro huo una faida: unakuambia probu ambayo haifai hata kuanza nayo. Ila usome vipimo vilivyoandikwa chini yake. Kama salfaidi imewekwa kwa mamia ya maikromola, jibu ulilopewa ni la swali jingine. Kwenye probu za aina ya WSP kuna ujanja zaidi: thayoli za kawaida zinaweza kufanya shambulio la kwanza lakini haziwezi la pili, kwa hiyo haziwashi rangi. Mchoro utaonyesha nguzo fupi kwa glutathayoni, na utadhani haikugusa kitu, kumbe imeila probu kimyakimya. Ndani ya seli probu inaweza kwisha kabla salfaidi haijafika, na giza utakaloliona halitakuwa na maana kwamba salfaidi haipo. Jaribio linalofaa hapa ni kuweka glutathayoni na salfaidi pamoja kwenye bomba moja, ya kwanza kwa milimola na ya pili kwa maikromola chache, kisha kuangalia kama salfaidi bado inasikika. Ni jaribio la asubuhi moja, na halihitaji seli hata moja.

Hiyo nanomola 100 sikuichagua kwa ajili ya kutia chumvi. Vipimo vya zamani vya damu na ubongo vilitoa makumi ya maikromola, na tarakimu hizo bado zinanakiliwa kama sababu ya kumwaga maikromola 100 za salfaidi juu ya seli na kuliita zoezi hilo la kawaida ya mwili. Njia iliyotumika sana, ile ya methilini buluu, hutumia asidi kali, na asidi kali huing'oa salfaidi iliyokuwa imefungwa kwenye protini zenye chuma na salfa. Vipimo vya baadaye vilivyokamata gesi yenyewe vilishusha makadirio ya H2S huru hadi nanomola. Wakosoaji wa tarakimu za zamani walikuwa na hoja ambayo haikuhitaji mashine: pua ya binadamu huinusa H2S hata ikiwa kidogo mno hewani, na damu yenye makumi ya maikromola ingepaswa kunuka mara tu mrija unapofunguliwa. Hainuki.

Jambo la pili la kulielewa kabla ya kushika pipeti ni muda. Probu nyingi za kundi hili hazirudi nyuma, ikishawaka imewaka. Basi inafanya kazi ya kipimamvua, si ya kipimajoto: inakusanya yote yaliyonyesha tangu ilipowekwa, na haikuambii kama sasa hivi mvua inanyesha au ilikatika saa moja iliyopita. Hilo si kasoro, ilimradi ulijue. Usiandike kwamba "kiwango cha H2S kilikuwa juu dakika ya 30" wakati ulichokipima ni jumla ya dakika 30. Ukitaka mwendo, piga picha kila baada ya dakika mbili au tatu na uangalie mteremko wa mstari. Mteremko ukilala, uliza kwanza kama ni salfaidi iliyokwisha au ni probu. Probu za azaidi huchukua makumi ya dakika kujibu, kwa hiyo tukio la sekunde chache halitaonekana hata kama lilitokea.

Sasa tuje mezani. Utahitaji salfaidi ya kulinganishia, na hapa ndipo majaribio mengi huharibika kabla hayajaanza. Chumvi ya NaHS ya dukani mara nyingi si safi. Na2S ya daraja zuri ni afadhali. Tengeneza mmumunyo ndani ya kabati la kuvuta hewa, kwenye maji yaliyotolewa oksijeni kwa kupitishiwa naitrojeni au agoni, na uutumie siku hiyohiyo, ikiwezekana saa hiyohiyo. Ukiona mmumunyo umegeuka manjano, umwage kwa utaratibu wa taka zake: manjano ni ya polisalfaidi, na kuanzia hapo hujui unapima nini. Kama una spektrofotomita, pima mfyonzo kwenye nanomita 230. HS- hufyonza hapo kwa takriban 7,700 kwa kila mola kwa sentimita, na utajua ukolezi halisi badala ya kuamini mizani. Kumbuka kwamba Na2S ni besi, nayo ikimiminwa nyingi kwenye bafa dhaifu hupandisha pH. Kumbuka pia kwamba gesi inatoroka: kwenye sahani iliyo wazi, nusu ya salfaidi inaweza kuondoka ndani ya dakika chache, hata maikromola 100 ulizoandika kwenye daftari zikawa hazipo wakati unatafuta fokasi. Na usiitegemee pua kukuonya. Gesi ikizidi takriban sehemu 100 kwa milioni hewani, pua yenyewe huacha kunusa, na hatari inaendelea bila wewe kujua.

Seli zioshe uondoe kimiminika cha kukuzia kabla ya kuweka probu. Kimiminika hicho kina sistini, kina seramu yenye vimeng'enya vya esterasi vinavyoweza kuikata probu nje ya seli, na mara nyingi kina fenoli nyekundu inayochafua picha. Tumia bafa yenye chumvi na glukosi. Kisha panga sahani zako kabla ya kufikiria ile ya maana. Sahani ya kwanza haina probu kabisa: flavini za seli zenyewe hung'aa kijani, na seli zilizo taabani zinaweza kung'aa zaidi. Ya pili ina probu bila seli, ikae muda uleule chini ya mwanga uleule. Hii ni muhimu hasa kwa probu za azaidi, kwa sababu azaidi zilizoshikana na pete ya aromati huvunjwa na mwanga. Ukiangaza kwa nguvu, unaweza kuiwasha probu kwa taa ya hadubini na kuisingizia salfaidi. Weka nyingine gizani, uipige picha moja tu mwishoni, ulinganishe. Ya tatu ni seli zilizotangulizwa N-ethilmaleimidi, ambayo hufunga thayoli na salfaidi. Mng'ao ukibaki vilevile, unachokiona hakina uhusiano na salfa. Hii ni chujio pana, kwani inaua glutathayoni pia, kwa hiyo inaweza kukukatalia dai lako lakini haiwezi kulithibitisha.

Sahani ya nne ndiyo ninayoiona imekosekana mara nyingi, nayo ndiyo yenye thamani kubwa kwa bei ndogo. Weka rangi iliyokwisha kufunguliwa, yaani floresini au rodamini ileile isiyo na kufuli. Ifuate njia ileile: dawa ileile, muda uleule, kuoshwa kulekule. Kama dawa yako inaongeza mng'ao wa rangi isiyo na kufuli, basi dawa haikuongeza salfaidi. Imebadilisha jinsi rangi inavyoingia, inavyotolewa nje, au mazingira yake. Floresini ina tabia ya kufifia kwenye asidi. Ndani ya lisosomu, ambamo pH ni kati ya 4.5 na 5, floresini iliyofunguliwa kabisa itaonekana hafifu, wakati kwenye saitoplazimu yenye pH 7.2 itawaka. Mtu asiyelijua hilo ataandika kwamba lisosomu hazina H2S. pH hugusa salfaidi pia. Kwenye 7.4 takriban robo yake ni gesi na robo tatu ni HS-. Kwenye mitokondria, penye pH inayokaribia 8, sehemu ya gesi hushuka chini ya moja ya kumi. Probu inayomenyuka na HS- itakwenda kasi zaidi hapo hata kama jumla ya salfaidi haijabadilika.

Baada ya hapo ndipo vije vizuizi vya vimeng'enya na jeni. Propagiliglisini huzuia CSE, na asidi ya aminooksiasetiki hutumika kwa CBS ingawa hugusa vimeng'enya vingi vingine vinavyotegemea vitamini B6. Kizuizi kimoja hakitoshi. Kiambatane na seli ambazo jeni imezimwa. Mfano mzuri wa kuiga ni kazi ya SF7-AM iliyochapishwa mwaka 2013 na maabara ileile ya Chang. Walitumia seli za utando wa ndani wa mishipa ya damu ya kitovu, wakaziamsha kwa kipengele cha ukuaji kiitwacho VEGF, mng'ao ukapanda. Hawakuishia hapo. Walizuia CSE, mng'ao ukashuka. Walikwenda pia juu ya mnyororo, wakazuia hatua zinazotengeneza haidrojeni peroksaidi, na ongezeko likapungua tena. Probu ilikuwa ya azaidi, yenye udhaifu wote niliousema, lakini dai halikuning'inia kwenye kemia ya azaidi peke yake. Glutathayoni inaweza kueleza mng'ao wa jumla, lakini ni vigumu ieleze mng'ao unaofuata VEGF, unaokatika kimeng'enya cha salfaidi kinapozuiwa, na unaotegemea peroksaidi.

Hapa nitaambiwa kwamba haya ni mambo ya maabara zenye fedha. Sikubali. Kati ya sahani nilizotaja, ghali ni ile ya jeni iliyozimwa. Nyingine zote zinahitaji kemikali za bei ya kawaida na nidhamu ya kupanga siku. Hadubini nazo zipo. Tangu Shirika la Afya Duniani lipendekeze hadubini za floresensi za taa za LED kwa uchunguzi wa kifua kikuu, vifaa hivyo vimesambaa hadi hospitali nyingi za Afrika Mashariki, na mwanga wake wa buluu unaelekea kulekule ambako floresini huamshwa. Kinachokosekana mara nyingi ni kamera yenye kupimika, kwani jicho huzoea giza na haliwezi kulinganisha sahani ya asubuhi na ya jioni. Kama huna kamera, fanya vipimo vya jumla kwa kisomaji cha sahani ya visima 96 na uache kudai mahali ndani ya seli. Kama unayo, funga mipangilio: muda uleule wa kupokea mwanga, ukuzaji uleule, na programu isiruhusiwe kujirekebishia ung'avu yenyewe. Na aliyepiga picha asiwe ndiye anayechagua seli za kuhesabu huku akijua sahani ipi ina dawa.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama probu zina mitego yote hii, kwa nini tusizisage seli tukapima kwa mashine? Kipimo cha monobromobimani pamoja na kromatografia ya kimiminika ni kizuri, na kama kuna maabara ya jirani inayoweza kukufanyia, itumie kama shahidi wa pili. Lakini kusaga kuna gharama yake. Mahali panapotea, na muda pia. Kwa persalfaidi, yaani thayoli zilizobeba salfa ya ziada, hali ni mbaya zaidi: zinabadilishana salfa na kila thayoli iliyo karibu, oksijeni inaziharibu, na kemikali yenyewe ya kuzikamata inaweza kuvunja polisalfaidi zilizokuwepo na kutoa picha isiyokuwa ya seli. Kwa hiyo mashine nayo inamenyuka, haioni. Tofauti ni kwamba makosa yake si makosa ya probu, na njia mbili zinazokosea tofauti zikikubaliana, zina uzito kuliko moja iliyorudiwa mara kumi.

Hizo persalfaidi ndizo zilizovuruga uwanja mzima. Mwaka 2014 kundi la Akaike kule Japani liliripoti kwamba persalfaidi ya glutathayoni hufikia zaidi ya maikromola 100 katika baadhi ya tishu, yaani juu sana kuliko H2S huru. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mengi yaliyohusishwa na H2S huenda yalikuwa kazi ya ndugu zake. Probu ya SSP4 hutumika sana kwa kundi hili, na inalijibu kundi zima: persalfaidi, polisalfaidi, hata salfa yenyewe. Baadhi ya maelekezo yake huongeza sabuni ili ifanye kazi vizuri. Kabla ya kuifuata, hakikisha kwa rangi ya kupima uhai kwamba kwa kipimo hicho hizo seli "hai" bado ni hai. Mtego mwingine unatoka upande wa jirani. Maabara ya Kenneth Olson ilionyesha kwamba probu zinazozoeleka kwa molekuli kali za oksijeni, ikiwemo DCF, hujibu pia polisalfaidi. Ukiona DCF imewaka baada ya kuweka salfaidi, usikimbilie kuandika kwamba kuna msongo wa oksijeni.

Na kama swali lako kwa kweli ni la glutathayoni, acha probu zisizorudi nyuma. QG3.0 ya maabara ya Urano, Tokyo, iliyochapishwa mwaka 2017, humenyuka na kuachia, na hutoa uwiano wa rangi mbili, kwa hiyo unene wa seli na wingi wa probu havikusumbui sana. Upo pia mkondo wa protini zinazotengenezwa na seli yenyewe: roGFP2 iliyounganishwa na glutaredoksini husoma hali ya glutathayoni, na mwaka 2013 iliripotiwa ikisoma ndani ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kilichokuwa hai. Njia hii inadai kazi ya jeni, lakini huhitaji kuosha wala kubahatisha kilichoingia. Ipime nayo kwa kioksidishaji na kwa dithiothreitoli, upate mwisho wa juu na wa chini kabla ya kusoma cha katikati.

Ukifika kwenye maelezo ya picha, andika jina la probu na ukolezi wake, dakika ngapi ilikaa, urefu wa wimbi la mwanga na muda wa kupokea mwanga. Badala ya "H2S imeongezeka", andika "mng'ao wa SF7 umeongezeka, na ongezeko limeondolewa na propagiliglisini". Picha ya rangi isiyo na kufuli iwe kwenye safu ileile, kwa mizani ileile ya ung'avu, isipelekwe kwenye kiambatisho ambacho hakuna atakayekifungua. Na kama ulitumia salfaidi ya kumwaga, taja ni chumvi gani, ilikuwa na umri gani tangu imumunyishwe, na kama sahani ilikuwa na kifuniko.